Juu ya Kuazimana Kitu Kisichoshikika

Lugha yetu ina maneno mawili mahali ambapo Kiingereza hutosheka na moja. Mtu huazima jembe, lakini hukopa fedha. Kilichoazimwa hurudi chenyewe pamoja na alama zake zote: mpini uliopinda ni ule ule, na wavu uliotoboka pembeni ni ule ule. Kilichokopwa hakirudi, hurudi mfano wake, kwa kuwa chenyewe kimekwisha kutumika. Tofauti hii si ya maneno matupu. Ndani yake imo adabu nzima ya ujirani. Mwenye kutoa wavu wake usiku huu amekubali kulala bila kitoweo ili mwenziwe apate; ndiyo maana hushukuriwa, na ndiyo maana mpokeaji huona haya kuuchelewesha. Mwenye kukopesha fedha amekubali hatari ya kutolipwa. Ndiyo maana huuliza habari za mkopaji kabla ya kufungua mkono. Katika mambo yote mawili mtoaji hujinyima kitu, na haki yake ya kudai huota katika kujinyima huko.

Katika mwaka 2024 niliitwa katika shauri ambalo halikutaka kukaa ndani ya neno lolote la haya mawili. Lilikuwa shauri dogo, la vijana wawili na michezo ichezwayo ndani ya televisheni, na huenda msomaji akaona halistahili karatasi ya jarida hili. Mimi pia niliona hivyo siku ya kwanza. Siku ya tatu nilikuwa nimekosa usingizi kwa ajili yake.

Kirando ni mji wa wavuvi katika wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Atokaye Sumbawanga husafiri kwanza juu ya uwanda wa Ufipa, penye baridi na mashamba ya mahindi na maharage, hupita Namanyere, kisha barabara humtelemsha mpaka kwenye joto la ziwani na harufu ya dagaa waanikwao. Kazi ya hapo ni ya gizani. Dagaa na migebuka hufuata nuru, kwa hiyo vyombo hutoka na taa katika usiku usio na mwezi. Mwezi ukijaa, taa hazina kazi, na wavuvi hupumzika. Siku hizo za mbalamwezi ndizo siku za neema kwa mabanda ya michezo, ambamo vijana hukaa bega kwa bega kwenye mabenchi na kulipa kwa pambano moja moja. Nimesikia wazee wakiyalaumu mabanda hayo kwa kila uvivu wa dunia. Sina hakika. Nimeona humo mvuvi aliyeshindwa pambano akilipia la mwenziwe asiye na kitu, bila kuombwa.

Mwaka huo mapumziko hayakuwa ya mwezi mpevu tu. Kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ili samaki wapate kuzaana. Giza lilikuja likaondoka, likaja tena, na hapana taa iliyowashwa majini. Hapo ndipo shauri letu lilipozaliwa.

Vijana wenyewe walikua pamoja. Mmoja ni fundi wa simu. Wa pili ni mvuvi katika chombo cha mtu mwingine, naye hupata fungu lake baada ya mwenye chombo kuondoa gharama na kuchukua la kwake. Nitawaita Fundi na Mvuvi, kwa kuwa majina yao si mali yangu. Kila mmoja alikuwa na mashine yake ya kuchezea, kuukuu, iliyonunuliwa kwa mtu. Hawakuwa na uwezo wa kununua kila mchezo mara mbili, basi walifanya jambo la busara: walichanga fedha nusu kwa nusu, wakawa wakinunua mchezo mmoja mmoja kwa njia ya intaneti, nao wote wawili wakaucheza, kila mtu nyumbani kwake. Katika miaka miwili kila mmoja alitoa shilingi 180,000. Lakini akaunti ilikuwa moja, nayo iliandikwa jina la Fundi.

Yafaa msomaji asiyejua michezo hii aelezwe jinsi jambo hilo linavyowezekana. Zamani mchezo ulikuwa sahani, ambayo vijana huiita sidii. Aliyeinunua aliweza kuiazimisha, kuiuza, au kuivunja kwa hasira. Mwezi wa Mei 2013 kampuni ya Microsoft ilipotangaza mashine yake mpya, Xbox One, ilifahamika baadaye kwamba sahani zake zingefungwa kwa masharti, na kwamba mashine ingepaswa kuulizana na kampuni kwa intaneti kila siku. Watu walikasirika. Mwezi wa Juni Sony, waundaji wa PlayStation, walitoa filamu fupi mno ya kufundisha namna ya kuazimana michezo katika mashine yao: mtu mmoja ampa mwenziwe sahani mkononi, mwenziwe ashukuru, basi. Tarehe 19 Juni Microsoft waliyaondoa masharti yao. Wachezaji walidhani wameshinda. Kwa hakika walikuwa wameilinda sahani wakati sahani yenyewe ilikuwa ikielekea kaburini. PlayStation 5, iliyotoka Novemba 2020, iliuzwa tangu mwanzo kwa namna mbili, na moja yao haina tundu la sahani hata kidogo.

Bila sahani, kinunuliwacho ni ruhusa, na ruhusa hukaa katika akaunti. Kampuni hukubali akaunti iwe na mashine moja iliyo kuu. Yeyote atumiaye mashine hiyo kuu aweza kucheza michezo ya akaunti, hata kama intaneti haipo. Naye mwenye akaunti aweza kucheza katika mashine nyingine, mradi aingie kwa jina lake na intaneti iwepo. Ni rahisi kuona kuwa desturi hii yawafaa watu wa nyumba moja. Marafiki wa dunia nzima wameigeuza kwa ujanja mwepesi: naifanya mashine yako kuwa kuu kwa akaunti yangu, nami naingia kwa jina langu katika mashine yangu mwenyewe kana kwamba ni mgeni humo. Mchezo mmoja, nyumba mbili. Ndivyo Fundi alivyofanya. Na iangaliwe kwamba sehemu iliyo bora alimpa rafiki: Mvuvi alicheza bila bando, na Fundi, mwenye jina, ndiye aliyelipia intaneti kila alipotaka kucheza.

Liko neno moja ambalo sitalifunika. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo wakazi wake waweza kujiandikisha katika duka la PlayStation. Mtanzania atakaye kununua humo hujiandika kuwa mkazi wa Afrika Kusini, au Uingereza, au Marekani, kisha hutafuta kadi za malipo za nchi hiyo kwa mkono wa ndugu au wa mfanyabiashara. Basi ushirika wa vijana wetu ulijengwa juu ya uongo mdogo. Mwezi wa Mei 2024 wachezaji wa nchi nyingi waliuona uzito wa jambo hili, pale ilipotangazwa kwamba mchezo wa Helldivers 2 hautachezwa katika kompyuta bila akaunti ya Sony, hata na watu waliokwisha kuununua katika duka jingine. Sharti hilo liliondolewa baada ya siku chache za makelele, lakini mchezo wenyewe ulikuwa umekwisha kuondolewa sokoni katika nchi zipatazo 177 zisizo na huduma hiyo. Uongo ni uongo, nakubali. Lakini aliyefungiwa mlango wa mbele akapita wa nyuma na fedha mkononi, akalipa bei iliyoandikwa, hayuko sawa na aliyeingia kuiba, na atakayewapima wote wawili kwa kipimo kimoja ana kipimo kibovu.

Sasa ugomvi. Mwezi wa Juni, ziwa likiwa limefungwa, Mvuvi hakuwa na fungu la chombo wala akiba. Aliichukua mashine yake akaipeleka katika banda, akawa akitoza shilingi 500 kwa pambano. Hakumwuliza Fundi. Fundi alijua siku alipopita njiani akasikia vishindo, akachungulia, akaitambua mashine ya rafiki yake na ndani yake michezo ya akaunti yake, mikononi mwa watu asiowajua. Hakuingia. Alikwenda nyumbani, akafungua akaunti, akaziondoa mashine zote. Jambo hilo mwenye akaunti aweza kulifanya akiwa mbali. Kwa PlayStation 4 hupewa nafasi moja katika kila miezi sita. Mashine ya bandani ilipounganishwa na intaneti siku ya pili, kila mchezo ulionyesha kufuli.

Shauri lilipelekwa kwa mjomba wangu, mvuvi wa zamani ambaye amekwisha kuamua ugomvi mwingi wa nyavu, nami nikaitwa kwa sababu nimesoma chuo kikuu, kana kwamba vyuo vikuu hufundisha mambo haya. Vijana waliamkia, wakakaa mbalimbali.

“Kitu chenyewe kiko wapi, wanangu?” mjomba aliuliza. “Kileteni tukione.”

Fundi alijibu kuwa hakiletiki.

“Basi mwenzio alipokuwa nacho, wewe ulikikosa?”

Fundi alifikiri. “Hapana, mzee. Tulikuwa nacho wote.”

“Na sasa?”

“Sasa ninacho mimi.”

Mjomba alinyamaza muda mrefu. “Wavu ningeujua,” akasema.

Fundi si mtu mbaya, na hoja yake ilikuwa na nguvu. Alisema kuwa hakutoa mchezo tu. Alitoa jina lake, na jina likiharibika huko bandani litaharibika kwake. Wasiocheza hudharau hoja hii kwa kutojua. Katika duka la Steam, ambalo tangu mwaka 2024 huwaruhusu watu sita wa nyumba moja kuchanganya michezo yao, kanuni yasema wazi kwamba mtu wa jamaa akifanya udanganyifu katika mchezo wako, wewe mwenye mchezo nawe waweza kufungiwa mchezo huo. Jirani akiiba kwa mtumbwi niliompa, mtumbwi waweza kuzuiwa, lakini mimi sitaitwa mwizi. Hapa mtoaji huitwa. Kwa hiyo kilichotoka mikononi mwa Fundi hakikuwa chombo. Kilikuwa dhamana, na mdhamini ana haki ya kuulizwa kabla dhamana yake haijapelekwa sokoni. Kosa la Mvuvi ni hilo, wala si jingine: hakuuliza. Kuona njaa hakumzuii mtu kuuliza.

Mvuvi alisikiliza, kisha akasema neno ambalo sikulijibu siku ile. “Nusu ya fedha ni yangu, kaka. Je, nusu ya jina ni ya nani?”

Palikuwapo mtu mmoja, karani mstaafu, aliyetaka kulimaliza shauri kwa haraka. Alisema masharti ya maduka haya yanajulikana: mchezo hauuzwi, hutolewa ruhusa tu, akaunti ni ya mtu mmoja, na neno lake la siri halipewi mwingine. Basi Mvuvi hakuwa na kitu tangu mwanzo, na asiye na kitu hanyang'anywi.

Hoja hii imesumbua mahakama kubwa kuliko baraza letu. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliikatalia kampuni ya Bobbs-Merrill, iliyochapa ndani ya kitabu onyo kwamba kisiuzwe chini ya dola moja: aliyekwisha kukiuza kitabu hana amri tena juu ya bei atakayokiuzia mnunuzi. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la UsedSoft na Oracle, iliamua kuwa hata programu iliyopokewa kwa intaneti yaweza kuuzwa tena, mradi auzaye asibaki akiitumia. Mahakama moja ya Paris ilifuata njia hiyo juu ya michezo ya Steam mwaka 2019. Mahakama ya rufani ikaupindua uamuzi huo mwaka 2022, na mahakama ya juu ikaunga mkono rufani mwaka 2024, kwa kuwa mchezo, ilionekana, si programu tupu bali ni picha na muziki na hadithi pia. Tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria ya jimbo la California yawakataza wauzaji kutumia neno la kununua bila ya kumwambia mteja wazi kwamba apatacho ni ruhusa. Wala si woga wa bure: mchezo wa The Crew, uliotoka mwaka 2014, ulizimwa na Ubisoft tarehe 31 Machi 2024, na hata wale wenye sahani wakabaki na sahani.

Nakubali basi kwamba Mvuvi hakuwa na mali mbele ya kampuni. Lakini Fundi naye hakuwa nayo! Karatasi ile ni baina ya duka na mteja wake, nayo yaweza kuwahukumu wote wawili pamoja. Haikuandikwa ili mmoja wa wachangaji ajifiche nyuma yake na nusu ya fedha ya mwenziwe. Karani alitaka sheria ya mgeni, ambaye hata hatambui kuwa Kirando ipo, ivunje ahadi iliyofanywa Kirando na watu wawili waliofahamiana tangu utoto. Nilimwambia hivyo, labda kwa ukali kuliko ilivyofaa kwa umri wake.

Yaweza kuulizwa, je, waliouunda mchezo hawakudhulumiwa? Swali ni la haki, kwa maana hao pia ni wafanyakazi. Marafiki wawili wachangiao bei moja huenda wamemnyima muundaji bei ya pili. Huenda pia wasingaliweza kulipa ya pili kamwe. Siwezi kusema kuwa hapana apotezaye. Nasema tu kwamba wao hubaki ndani ya kiasi ambacho kampuni yenyewe imekubali, akaunti moja na mashine moja kuu, hata kama nyumba ni mbili. Banda ni jambo jingine, kwa kuwa huko urafiki umekwisha na biashara imeanza, na ruhusa iliyonunuliwa kwa ajili ya nyumba yauzwa kwa kila apitaye. Ulimwenguni wapo hata wauzao nusu ya akaunti kwa watu wasiowajua, mashine kuu kwa huyu na ya pili kwa yule. Hao wanachukua umbo la uaminifu na kuliuza bila uaminifu wenyewe, na sioni huruma nao. Mvuvi nilimwonea huruma kwa sababu ziwa lilikuwa limefungwa.

Sasa narudi kwenye lile lililoninyima usingizi. Mwenye wavu akisema, “Nirudishie, nyumbani kwangu hapana kitoweo,” hapana awezaye kumlaumu, hata kama mwenziwe atabaki na shida. Kudai kwake kwatoka katika upungufu wake. Lakini katika uazimaji huu mpya mtoaji hapungukiwi na mchezo anapoutoa, wala haongezewi mchezo anapouchukua tena. Mpokeaji peke yake ndiye apataye na akosaye. Mtoaji amepata uwezo ambao mwenye wavu hakuwa nao, yaani uwezo wa kunyima bila faida. Na uwezo wa kunyima bila faida hauna kazi nyingi duniani isipokuwa kuadhibu. Fundi hakufunga mashine ili apate kitu. Angalisema, “Naifanya mashine yangu kuwa kuu kwa kuwa sina fedha ya bando,” ningalimwelewa, kwa maana hapo pangalikuwa na upungufu. Angalisema, “Nalihofia jina langu, itoe mashine bandani leo, ama sivyo nitafunga kesho,” ningalimwelewa zaidi. Yeye alifunga kimya, akiwa mbali, bila kuvuka kizingiti cha banda. Mkono uchukuao wavu lazima ufike ufukweni, na ufukweni watu huonana. Huu haukulazimika kufika mahali.

Yaonekana baadhi ya waundaji wameuhisi upungufu wa upungufu huu, kama naweza kusema hivyo. Mwaka 2025 Nintendo walianzisha kadi za michezo zisizoshikika: mtu aweza kumwazimisha mmoja wa jamaa yake kadi hiyo kwa siku 14, na kwa siku hizo mwenyewe hawezi kucheza, zikiisha, kadi hurudi yenyewe. Mjomba angalifurahi kuisikia. Walitumia ufundi mwingi ili kukirudishia kisichoshikika tabia ya jembe.

Baraza halikuwa na kadi kama hiyo. Mjomba aliwataka vijana wataje kila mmoja alitoa kiasi gani, akaagiza daftari, akaandikisha: kwa Fundi 180,000, kwa Mvuvi 180,000. Kisha akamwambia Fundi achague. Ama afungue mashine, na Mvuvi aitoe bandani. Ama aishike akaunti peke yake, na amrudishie mwenziwe fedha yake kidogo kidogo, kwa kupunguza matumizi yaliyokwisha kupatikana kama wapunguzavyo uchakavu wa wavu. Karani aliuliza uchakavu wa kitu kisichochakaa utapimwaje. Mjomba alisema atapima yeye.

Fundi alichagua kufungua. Mvuvi aliitoa mashine bandani siku ile ile, na Fundi, bila kuambiwa na mtu, alimpa kazi ya kusafisha simu zilizoingia maji mpaka ziwa lifunguliwe. Sikuwaona wakicheza pamoja. Tarehe 15 Agosti ilipofika Mvuvi alirudi chomboni. Nilipoondoka Kirando mwezi wa Septemba nilipita kwao kuaga. Mashine ilikuwa juu ya sanduku, imefunikwa kanga ya mamaye, na daftari lilikuwa bado kwa mjomba, hesabu zote mbili hazijapigwa mstari.